Binti mfalme mwenye pengo

Ukipita kiwanja cha Makadara, Mombasa, alasiri ya Idi Mosi, utawaona mabinti wafalme wamepanga foleni kungojea pembea. Zamani mtoto wa kike alishonewa gauni lake la Idi, akatiwa hina na wanja, akanunuliwa viatu vipya vya kumbana vidole, na hayo yakamtosha. Siku hizi gauni huja limekwisha kushonwa, limetanda kama chandarua, na kichwani, juu ya nywele au juu ya mtandio, huwekwa taji la plastiki lenye vijiwe vya kumetameta. Rangi inayopendwa zaidi ni buluu, buluu ya Elsa, yule binti mfalme wa filamu ya Frozen iliyotoka mwaka 2013. Watoto ambao barafu wameiona ndani ya friji tu wanamjua Elsa kuliko wanavyowajua majirani zao.

Nisingeliandika habari hii lau mambo yangelikomea kwenye gauni. Lakini mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka saba, alitaka zaidi. Nyumbani kwa mwenzake wa chuoni alikuwa ameona picha kubwa iliyochorwa kwa rangi juu ya turubai: mtoto yule amekaa kwenye kiti cha enzi chenye vichwa vya simba, taji kichwani, nyuma yake nguzo na pazia jekundu. Mchoraji ni kijana wa hapa hapa mjini ambaye kazi yake ya asili ni kuandika majina na misemo kwenye tuktuk na matatu. Hupelekewa picha ya mtoto kwa simu, naye akamvika anachokitaka mzazi. Aliniambia kwamba kazi hiyo sasa inampa riziki kuliko tuktuk, khasa Idi inapokaribia, na kwamba wateja wake takriban wote ni kina baba.

Baba wa mtoto, yaani mwanangu, alikubali papo hapo. Nyanya yake alikataa papo hapo.

"Ukuta huu una Ayatul Kursiy na picha ya Al-Kaaba," alisema, "mnataka nitundike na sanamu la mtu mwenye taji?"

Nami kwa kuwa ndani ya nyumba ile najulikana kuwa mwandishi wa mambo ya utamaduni, nikatakiwa nitoe hukumu. Nikaomba muda. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwatafuta mabinti wafalme waliochorwa kabla ya mjukuu wangu, nikiwatazama mmoja mmoja naye akiwa pajani, na maswali yake ndiyo yaliyoniumbua.

MTOTO WA MADRID

Hapana picha ya binti mfalme mdogo iliyo maarufu duniani kuliko ile ya Diego Velázquez wa Uhispania iitwayo Las Meninas, yaani Mabinti Wapambe. Aliichora mwaka 1656, nayo iko katika makumbusho ya Prado mjini Madrid. Ni turubai kubwa, kimo chake chapita mita tatu. Katikati amesimama Margarita Teresa, binti wa Mfalme Felipe wa Nne, umri wake miaka mitano, nywele zake za dhahabu, gauni lake limetanuliwa ubavuni hata mikono ya mtoto haiwezi kuteremka ikatulia. Mpambe mmoja amepiga goti akimpa kikombe kidogo chekundu cha udongo juu ya sinia. Mwingine anainama kwa adabu. Yuko mbwa mkubwa amejilaza, yuko anayemchokoza mbwa huyo kwa mguu, yuko Velázquez mwenyewe na brashi yake mkononi, na ndani ya kioo kilicho ukutani kwa mbali waonekana mfalme na malkia. Umati wote huo umemzunguka mtoto, naye anatutazama sisi.

"Alikuwa binti mfalme wa kweli?" mjukuu wangu aliuliza.

Nikamwambia, wa kweli kabisa.

"Alikuwa akifanya nini?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Alikuwa akichorwa."

Jibu hilo nililitoa kwa kukosa jingine, lakini kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba nilikuwa nimesema kweli kuliko nilivyodhani. Margarita alichorwa na Velázquez tangu hajajua kusema sawasawa. Katika makumbusho ya Kunsthistorisches mjini Vienna, Austria, ziko picha zake tatu mashuhuri. Katika ya kwanza ana miaka miwili au mitatu, gauni lake la rangi ya waridi, mkono mmoja ameuegemeza juu ya meza. Katika ya pili ana miaka mitano, mavazi meupe. Katika ya tatu, ya mwaka 1659, ana miaka minane, na gauni ni la buluu. Mjukuu wangu alipoiona hiyo alipiga ukelele: "Elsa!"

Lakini je, picha za mtoto wa Madrid zilifuata nini Vienna? Zilimfuata mchumba. Margarita alikuwa amekusudiwa tangu udogoni aolewe na Leopold, aliyetawazwa kuwa kaizari mwaka 1658, basi kila baada ya miaka michache jamaa wa Vienna walipelekewa turubai waone mtoto anavyokua, kama tajiri anavyoletewa kipande cha kitambaa alichoagiza apate kukipapasa kabla jora halijafika. Na Leopold huyo alikuwa nani? Alikuwa ndugu wa mama yake Margarita, baba mmoja na mama mmoja. Mjomba wake khalisa! Msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa hilo liko wapi katika sheria yetu. Kurani Tukufu imewataja waziwazi wasiooana, na mtu na mpwawe wamo. Lakini watawala wale hawakutaka milki itoke nje ya ukoo, na waliokuwa wakiozana ndani ya nyumba moja walikuwa wamekwisha kuzoea.

Margarita alifika Vienna na kuolewa mwaka 1666, akiwa na miaka 15. Alizaa watoto wanne, na aliyevuka utoto ni mmoja tu, Maria Antonia. Mwaka 1673 Margarita akafa, umri wake miaka 21. Haya sikumsimulia mjukuu wangu. Nilifunga ukurasa nikamwambia twende tukanywe chai.

WALIOMRUDIA

Ajabu ni kwamba wachoraji wa zama zetu hawajamwacha mtoto yule apumzike. Mwaka 1957, tangu Agosti hata Desemba, Pablo Picasso alijifungia nyumbani kwake Cannes, Ufaransa, akachora turubai 58, nyingi zake zikiwa ni Las Meninas alizozivunjavunja na kuziunga upya. Mara kwa mara amemtenga Margarita peke yake: uso umepondwa kuwa pembe, jicho moja huku na jingine kule, gauni leo kijani na kesho manjano. Mwaka 1968 alizitoa kwa makumbusho ya Barcelona yenye jina lake. Fernando Botero wa Colombia, aliyefariki mwaka 2023, alimchora Margarita mnene, mviringo kama mtungi, kama alivyomchora kila mtu. Mjapani Yasumasa Morimura alipita mpaka. Mwaka 1990 alijivika mwenyewe, mwanamume mzima, sura na gauni la Margarita, akajifanyia picha na kuiita Binti wa Historia ya Sanaa. Mjukuu wangu alicheka mpaka akapaliwa; nyanya yake, aliyekuwa akitazama kwa upande wa jicho, hakucheka. Na tangu mwaka 2018 mjini Madrid zimekuwa zikiwekwa barabarani sanamu za mtoto huyo, kila moja imepakwa rangi na mtu wake, watalii wakijipiga picha kando yake.

Ukiniuliza mimi, wengi wa hao wamechora gauni. Wamelichukua, wakalivimbisha, wakalipaka rangi mpya, lakini mtoto aliyekuwa ndani yake hayumo, ametoka zamani. Picasso peke yake namsamehe, kwa kuwa katika baadhi ya zile turubai zake kuna uso mdogo unaoonekana kama umechoka kusimama, na kuchoka huko ndiko kitu cha kitoto nilichokiona tangu Prado hata Cannes. Nilipokwisha kuyaona hayo nikakumbuka kiti cha enzi cha kijana wetu wa tuktuk. Wateja watano, watoto watano, kiti ni kile kile na pazia ni lile lile. Kinachobadilika ni uso, na uso wenyewe, kama nitakavyoeleza, haubadiliki sana.

MALKIA WASIYEMTARAJIA

Kutoka hapo nikavuka bahari mpaka Marekani, kwa sababu huko liko tukio linaloingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mnamo tarehe 12 Februari 2018, katika makumbusho ya picha za watu mashuhuri mjini Washington, ilifunuliwa picha ya Michelle Obama iliyochorwa na Amy Sherald, mwanamke Mmarekani mweusi. Sherald ana desturi yake: ngozi za watu wake weusi huzichora kwa rangi ya kijivu, ili rangi isiwe ndilo jambo la kwanza la kutajwa. Bibi Obama amekaa, kidevu juu ya mkono, gauni refu jeupe lenye mapambo ya maumbo limemiminika mpaka chini. Taji hana.

Wiki chache baadaye mtoto wa kike wa miaka miwili, mweusi, alisimama mbele ya picha hiyo akaachama kinywa na kukataa kuondoka. Mtu mwingine aliyekuwapo akampiga picha, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Mamake alieleza kwamba mtoto alikuwa ameamini aliyechorwa pale ni malkia. Bibi Obama mwenyewe akamwita wakaonana, wakacheza dansi.

Hapa nataka msomaji anifuate vizuri. Mtoto huyo hakuvikwa taji na mtu. Hakukalishwa kwenye kiti cha simba. Alimwona mtu mzima anayefanana na mama yake, amechorwa kwa heshima, naye akamtawaza mwenyewe. Mabinti wangapi wa Makadara wamepata kuona mwanamke wa mji wao, mwalimu wa chuo au mkunga, amechorwa hivyo? Mimi nimeishi miaka mingi hapa, na ukutani nimeona Elsa.

WASICHANA WAWILI WA RIKA MOJA

Sasa twende kwa wasichana wawili walioitwa mabinti wafalme, mmoja wa Afrika Magharibi na mmoja wa bahari yetu. Wa kwanza alizaliwa kama mwaka 1843, wa pili mwaka 1844. Ni rika moja, ingawa hawakuonana.

Wa kwanza alikuwa Myoruba. Mwaka 1848 majeshi ya Dahomey yaliuvamia mji wao, wazazi wake wakauawa, naye akatekwa akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Mwaka 1850 nahodha wa Kiingereza, Frederick Forbes, alifika kwa Mfalme Ghezo wa Dahomey kuzungumzia kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, akaondoka na mtoto huyo akiwa zawadi kwa Malkia Victoria. Zawadi, msomaji, kama bakuli la pembe! Akaitwa Sarah Forbes Bonetta: Forbes ni nahodha, na Bonetta ni jina la meli. Forbes alisadiki kwamba mtoto alitoka katika ukoo wa watawala, na Waingereza wakampenda kumwita binti mfalme. Malkia akamgharimia masomo. Mwaka 1862 akaolewa Brighton na mfanyabiashara Mwafrika, James Davies, na mwaka 1880 akafa kwa kifua kikuu huko Madeira.

Picha yake ya arusi, iliyopigwa kwa kamera, imehifadhiwa London. Kutokana na hiyo Hannah Uzor, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa Zambia, alimchora upya kwa rangi, na mnamo Oktoba 2020 turubai hiyo ikatundikwa Osborne, nyumba ya pwani ya Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight. Uzor alieleza kwamba miongoni mwa yaliyomvuta ni kuwa watoto wake mwenyewe nao wana asili ya Nigeria. Hakumchora akiwa mtoto wa kutunukiwa; amemchora mwanamke, gauni jeupe la arusi, ngozi yake ni kahawia ya kweli iliyokolea, hakuificha.

Wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja. Yule mwenzake alipokuwa akipakiwa katika meli ya Forbes, Salme alikuwa na miaka mitano au sita, anacheza Mtoni katikati ya tausi na ndugu wasiohesabika. Lakini mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Msirkasi, naye vilevile alinyakuliwa utotoni vitani, wazazi wake wakauawa, akaingizwa katika nyumba ya Sayyid Said hajafika miaka kumi. Kwa hivyo mama wa binti mfalme wetu ni mtoto aliyetekwa, na mtoto aliyetekwa Dahomey akaitwa binti mfalme. Mambo haya yamefungamana kuliko zinavyotuonyesha filamu.

Utoto wa Salme umetufikia kwa kalamu yake mwenyewe. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kuondoka kwake Unguja mwaka 1866 na yaliyofuata, wazee wetu huyataja kwa kushusha sauti, nami sitayaingilia hapa. Nilichomsomea mjukuu wangu ni sehemu za utotoni. Salme anasimulia kwamba siku moja aliupanda mnazi mrefu, watu chini wakababaika. Anasimulia pia kwamba wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hawakufundishwa, basi yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

"Alipanda mnazi na gauni?" mjukuu wangu aliuliza.

Kisha akataka kujua bega la ngamia lina ukubwa gani, na kama laweza kununuliwa kwa mchinjaji. Kwa Margarita alikuwa ameuliza swali moja kuhusu kazi yake nami nikamaliza. Kwa Salme maswali yaliendelea mpaka isha.

HUKUMU YA NYANYA

Limebaki suala la ukuta. Mimi si mufti. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha: wako wanaokataza kila sura ya kiumbe chenye roho, wako wanaotenga sanamu lenye kivuli na picha iliyo bapa, na wako wanaowalegezea watoto kwa kukumbuka wanasesere wa Bibi Aisha. Kila nyumba ina shehe wake. Nilidhani mke wangu ameshika kauli ya kwanza, lakini nilipomwuliza kwa upole alinishangaza.

"Dini ni moja," alisema. "La pili ni kwamba picha haikui. Huyu atakua, atapata chunusi, atanenepa au atakonda, na kila apitapo hapa atajikuta anashindana na mtoto wa miaka saba mwenye taji. Nani atakayeshinda?"

Sikuwa na jibu, nami nimesoma habari za Velázquez wiki tatu.

Wakati sisi tukijadiliana, mwanangu alikuwa amekwisha kulipa arubuni, kama walivyo vijana. Turubai ikaletwa Alhamisi moja jioni, imefungwa gazeti. Tukaifungua sebuleni. Kiti cha simba kilikuwapo, pazia lilikuwapo, gauni la buluu lilikuwapo. Mtoto aliyekaa hapo alikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, pua imechongwa, nywele zimenyooka mpaka kiunoni, na alikuwa akitabasamu kwa meno kamili, juu na chini.

Mjukuu wangu ni mweusi wa kupendeza, kama mama yake. Nywele zake zina mawimbi mafupi. Na wiki mbili kabla ya Idi meno yake mawili ya mbele yalitoka, akawa na pengo analolionea fahari kubwa, hata hupitisha ulimi kwalo mbele ya wageni.

Aliitazama picha kwa muda. "Babu," akaniuliza, "huyu ni nani?"

Mwanangu akanyamaza. Nyanya akaingia jikoni, na nadhani alikuwa akicheka.

Kesho yake nilimwendea mchoraji. Hakukasirika, ni kijana mwenye adabu. "Mzee wangu," alisema, "wote hutaka hivyo. Wa kwanza nilimchora na rangi yake, babake akaniambia nimemchafulia mtoto. Nikairudia bure. Tangu siku hiyo nawapa weupe bila ya kuulizwa." Akanionyesha katika simu yake picha za wateja wengine, kushoto mtoto kama alivyopigwa, kulia binti mfalme. Upande wa kushoto watoto walikuwa saba mbalimbali. Upande wa kulia alikuwa mmoja.

Nikamwambia aturudishie mtoto wetu. Taji aliache, maana mwenyewe analitaka, lakini rangi iwe yake, nywele ziwe zake, na pengo liwe pale pale lilipo. Akaishika turubai, akaisogeza kwenye mwanga, akakuna kidevu. Akaniambia kuziba pengo ni kazi ya dakika tano, lakini kulirudisha, pamoja na ulimi ndani yake, ni kazi ya siku nzima, na itabidi tumwongeze.